Siku Kasuku Aliponyamaza

Wanafunzi wa urubani walimwita Kasuku, na wala hawakumwonea. Mwalimu yule alikuwa na mdomo! Akiwa angani aliongea tangu magurudumu yanapoachana na lami hadi yanapoigusa tena: shusha pua, punguza mafuta, macho mbele, unaenda wapi wewe? Mkewe alimwomba anyamaze walau wakati wa kula, akawa anajibiwa kwamba kinachoua watu ni ukimya. Walimpenda hivyo hivyo, maana hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kuanguka.

Asubuhi hiyo zamu ya kuruka peke yake ilikuwa ya mpwa wake, binti wa dada yake mkubwa. Dada mtu alikuwa amekataa katakata mambo ya ndege, mpaka Kasuku alipomwapia: "Dada, hata nikiwa chini nitakuwa naye. Sauti yangu haitamwacha." Basi akashuka, akafunga mlango wa ndege, akasimama kando ya njia ya kurukia na redio yake ya mkononi.

Binti alipaa vizuri, akazunguka vizuri, akarudi. Ila alikuja kasi mno. Magurudumu yakagonga lami, ndege ikadunda juu kama mpira. Hapo dawa ni moja tu, na Kasuku alishaisema mpaka mate yakamkauka: ongeza mafuta, paa tena, uje upya. Alibonyeza kitufe cha redio. Mdomo ukafunguka. Hakikutoka kitu. Alipigwa na butwaa, ulimi umekuwa mzito kama si wake, akaitazama ndege ikishuka kwa pua.

Gurudumu la mbele likakatika. Pangaboi la puani likachimba lami kwa kelele iliyomwingia mpaka kwenye meno, ndege ikateleza hadi majanini, ikasimama pua chini mkia juu. Wazima moto wakampita mbio. Yeye alibaki pale pale na redio mkononi. Kichwani alimwona dada yake tu.

Mlango wa ndege ukafunguka. Binti akatoka mwenyewe, damu kidogo kwenye nyusi. Wazima moto walimsihi akae chini, hakuwasikiliza. Akaja moja kwa moja kwa mjomba wake.

"Mjomba, hiyo redio imekufa, eti? Nimesikia inakwaruza tu. Nilikuwa nakusubiri uniambie nifanye nini."

Kasuku akaitazama redio. Ilikuwa inawaka. Angeitikia tu kwa kichwa, lawama zote zingeishia kwa mafundi, na dada yake asingejua kitu.

"Haijafa, mama. Nilibonyeza. Nikashindwa kusema."

Binti akamkodolea macho. Ndege ilipovunjika hakulia, damu ilipomtoka hakulia. Sasa aliketi pale pale juu ya lami, akaangua kilio.