Chuma cha Kusukumia Chapati

Hadi leo nikisikia harufu ya mafuta ya kukatia chuma, njaa huniuma. Msishangae. Nyumbani kwetu Mansfield, Marekani, harufu hiyo iliingia jikoni kila jioni ikiwa imeshikamana na shati la baba, ikachanganyika na ya chapati, na ndiyo iliyotuambia kwamba shifti imekwisha na sasa tutakula.

Ilikuwa mwaka 2017, nina miaka kumi na mitatu. Baba alikuwa amepata kazi kwenye karakana, na mama alipomuuliza wanatengeneza nini, alijibu, "Mabomba ya chuma kisichoshika kutu." Hakudanganya sana. Vilikuwa vyuma virefu vilivyotobolewa katikati. Alituonyesha kwa mikono jinsi anavyovichagua: anachungulia tundu kuelekea kwenye taa, na chenye mkwaruzo mwembamba kama unywele anakitenga. Vinavyopita anavisugua kwa msasa mkali, kisha laini, mpaka vinang'aa. Halafu vingi vinapulizwa vishanga vidogo vya kioo hadi vinafifia kama jivu. Nilimuuliza kwa nini aue mng'aro alioutafuta kwa jasho. Alisema wateja ndivyo wanavyotaka, akaulizia masomo yangu.

Siku hizo mama alisukuma chapati kwa chupa ya soda. Baba akamletea kipande cha bomba lililokataliwa, kizito, kinang'aa kama kioo. Chapati zikawa duara kwa mara ya kwanza tangu tuje Marekani. Mama akawaringia wanawake wa parokia kwamba mumewe anatengeneza mabomba ya hospitali. Hospitali aliiongeza mwenyewe.

Jumapili moja baada ya misa alitutembelea Papa Dédé, Mkongomani mcheshi aliyewahi kufanya kazi na baba hotelini. Aliketi jikoni akimtania mama kwamba chapati zake ni nyembamba mno, mtu anaweza kuisoma Injili akiwa upande wa pili. Huku akicheka alikichukua kile chuma, akakielekeza dirishani, akachungulia. Kicheko kikakatika. Nami nilichungulia baada yake. Ndani mlikuwa na mifereji iliyojipinda kama kamba, na niliiona mizuri.

"Mama Nadia," alisema polepole, "hii haiko tuyo, bomba ya maji. Iko mdomo ya bunduki; hii mifereji iko ya kuzungusha risasi."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Hakukana. Alisema ni za wawindaji na walenga shabaha, na kwamba tangu mgongo wake ukatae kuinua magodoro ya hoteli hakuna aliyemtaka ila karakana ile. Mama alisugua unga uliokuwa mikononi mwake mpaka ngozi ikawa nyekundu.

Niwaeleze jambo ambalo mimi nililijua tangu nikinyonya. Wakati wa vita, wazazi wangu walipokuwa wanaukaribia mpaka wakikimbia Burundi, mama ana mimba yangu, baba aliona kitu kikimeta kwenye majani: bunduki ikiwavizia. Alimvuta mama, wakashika njia nyingine. Mdogo wake mama alikuwa ametangulia kwenye njia ile ya kwanza. Hakufika.

"Mng'aro ndio uliotuokoa, Baba Nadia," mama alisema. "Leo wewe ndiye unayeufuta."

Kesho yake tulipanda basi kwenda Stafford, karibu na Houston, kwa mama mkubwa. Baba alitubebea mabegi hadi kituoni.

Kila jioni alipiga simu. Mama hakukubali kuongea naye, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa posta. Alisema amemwomba bosi ampe vile vinavyoachwa viking'aa. "Mwambie mama yako leo vimeng'aa." Nami nilitangaza kama mtangazaji wa hali ya hewa: "Leo vimeng'aa." Mama aliendelea kukata vitunguu. Wiki zikapita, vikang'aa, vikang'aa, na sauti ya baba ikazidi kuwa ndogo. Siku niliyomsikia mama mkubwa akiulizia shule ya karibu ya kuniandikisha, nilijifungia bafuni, nikafungua maji ili nisisikike.

Kisha jioni moja baba alisema, "Nadia, leo vyote nimevififisha. Jana pia. Hata zile siku nilizosema vimeng'aa. Mwambie hivyohivyo."

Nilitaka kumdanganya mama. Nilishindwa, nikasema kama nilivyotumwa. Aliweka kisu chini, akaichukua simu.

"Umekula?" aliuliza.

Nilisikia baba akilia upande wa pili. Nilimkasirikia mama. Baada ya kimya chote kile, nilidhani amekosa la maana la kusema.

Tulirudi Mansfield. Baba hakupata kazi nyingine mwaka ule, akabaki karakana, na mama hakuisamehe kazi ile. Kile chuma hatukukiona tena, na chapati zikarudia umbo lake la siku za chupa. Ilinichukua miaka, na kazi yangu mwenyewe, kuelewa kwamba aliyeshika msasa hachagui kitakachong'aa, na kwamba mama alilijua hilo tangu simu ya kwanza. Alikuwa akingoja baba alitamke mwenyewe. Na alipouliza kama amekula, alijua vizuri chakula kile kinatoka wapi.