Chunusi Zilizotaka Kuninyima Mtihani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu, ingawa siku yenyewe nililia mpaka kichwa kikauma. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, hapa hapa Wamaza. Zilibaki wiki tatu tupande pikipiki kwenda kufanya mtihani wa Serikali, nami nikatangaza kwamba siendi.

Sababu? Chunusi. Zilijaa paji la uso, mashavu na kidevu, nyingine zimeiva usaha. Wenzangu walisema sioshi uso. Jirani mmoja alisema nazunguka na wanaume. Nikasadiki kwamba nina kosa, nikanunua pomadi ya kung'arisha ngozi kwa mchuuzi aliyetoka Salamabila. Haraka haraka haina baraka. Siku ya tano uso uliungua, ukatoa maji, ukabaki na madoa meusi. Nikajifungia chumbani, kitenge usoni.

Shangazi Zaina, dada ya baba, ndiye aliyenisomesha kwa samaki wa kukaushwa aliowafuata Nyangwe na kuwauza sokoni. Aliingia bila hodi, akakivuta kile kitenge.

"Mutoto, utajifunika mpaka lini?"

"Niache, Shangazi. Batu watanicheka kule."

Akaketi kitandani. "Angalia uso yangu. Miaka mingi mashavu inavimba na kuwaka kama pilipili, nikikaribia moto tu. Batu wanasema Zaina anakunywa lotoko, ile pombe kali, kwa siri. Mimi, mutu wa kuswali! Ningeacha soko juu ya maneno yao, wewe ungesoma na nini?"

Kumbe yeye naye hakuwahi kumwonyesha daktari mashavu yale. Mficha uchi hazai. Kesho yake tukaenda kituo cha afya wote wawili.

Muuguzi, mzee mpole, hakushtuka hata kidogo. Aliniambia vijana karibu wote hupata chunusi, wengine hata wakiwa na watoto wao. Si uchafu, si uchawi, si uasherati. Ni mafuta ya ngozi na mabadiliko ya mwili. Akanikataza pomadi ile, akanikataza kuzibinya, akanipa dawa na kuniomba subira ya miezi. Kisha akamgeukia shangazi. "Mama, yako ni ugonjwa mwingine, unaitwa rosasea. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wake hauonekani vizuri, ndiyo maana batu wanaupita bila kuutambua. Pombe haihitajiki ili uupate."

Shangazi alilia, mwanangu. Yule mwanamke ambaye soko zima halikumliza.

Nilikwenda kwenye mtihani uso wazi. Ndani ya chumba nikatazama huku na huku: chunusi tele! Kijana wa mbele yangu zilimshuka mpaka shingoni. Na hakuna aliyenitazama. Kila mtu alikuwa akitokwa jasho na hesabu zake.

Siku majibu yalipotangazwa redioni, jina langu lilisomwa. Shangazi alitoka mbio na kopo la poda, akanimwagia kichwani kama tunavyomfanyia aliyefaulu. Majirani wakaja wakipiga vigelegele, kila mmoja na kiganja chake cha poda, wakanipaka paji, mashavu, kidevu, hata yule aliyenisingizia wanaume. Wiki nyingi sikutaka mtu auone uso ule. Siku hiyo niliuinua ili waufikie vizuri.

Chunusi zilipungua polepole. Makovu machache ninayo bado, na nimefundisha nayo watoto wa watu miaka thelathini. Mashavu ya shangazi hayakupona kabisa, ila yalitulia, na watu walikoma kumsema, maana kila aliyeuliza, yeye alimtajia waziwazi jina la ugonjwa wake.

Basi, mwanangu, wewe unayefuta picha zako kwenye simu na kukataa kwenda msikitini kwa ajili ya vipele: nenda kwa muuguzi, si kwa mchuuzi wa pomadi. Usicheke uso wa mwenzako, hujui analala nao vipi. Na pale unapoitwa, fika hivyo hivyo ulivyo. Mungu akuponye ngozi na aimarishe moyo wako, akupe siku ya kupigiwa vigelegele, nami niwe hai niisikie.