Mifuko ya Suruali ya Seremala

Mke wa seremala alikuwa dobi, tena dobi wa kweli, si hawa wa kuloweka nguo na kumwachia Mungu. Miaka kumi na minane alifua nguo za watu uani kwake, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kufua karatasi. Kila nguo aliipekua kwanza: mfuko wa kulia, wa kushoto, wa nyuma, hata ule mdogo wa saa ambao wenye suruali wenyewe wamesahau kuwa upo. Humo alitoa tikiti, pete, meno ya bandia mara moja, na barua ambazo alizirudisha zimekunjwa vilevile, macho makavu. Wateja walimpendea hilo.

Shida ni kwamba mifuko hiyohiyo ndiyo iliyomfunulia habari za mumewe. Leo kifuniko cha chupa, kesho viwili. Halafu chupa yenyewe, ndogo, bapa, imevishwa soksi. Mume akala kiapo, akakivunja, akala kingine. Karakana ilimvumilia mpaka siku aliposimama mbele ya msumeno wa umeme huku mikono inamtetemeka. Mwenye karakana akauzima, akamwambia asirudi mpaka aache pombe. Ndipo alipokubali, shingo upande, kwenda kwenye kituo cha ushauri.

Kituo chenyewe kilikuwa vyumba viwili nyuma ya zahanati, viti vya plastiki vimepangwa duara. Kila Jumatatu wanaoacha pombe walikaa humo pamoja na watu wao wa nyumbani, na mshauri, mama mmoja mfupi asiye na haraka, akawagongea muhuri kwenye kadi. Mihuri kumi na miwili ikitimia, seremala angempelekea kadi mwenye karakana na kurudishiwa meza yake ya kazi.

Wiki ya tatu mshauri akawauliza ni jambo gani la nyumbani linalowaumiza. Seremala hakuwa mtu wa maneno. Alitazama viatu vyake, akasema, "Kunuswa mdomo nimezoea. Lakini mke wangu akiingiza mkono mfukoni mwangu, najiona mwizi. Na nikishajiona mwizi, najua pa kwenda."

Mkewe akasema mbele ya watu wote, "Basi, nimeacha."

Ameacha wapi! Kesho yake tu mkono ulikuwa mfukoni. Alijiambia kazi ni kazi, hakuna dobi anayefua bila kupekua. Uongo mtupu, na alijua. Nguo za wateja alizipekua kwa vidole. Za mumewe alizipekua moyo unamwenda mbio, na akikuta kipande cha penseli na maranda ya vigoda alivyokuwa akiwatengenezea majirani, anamshukuru Mungu. Mume aliona. Alijitia hamnazo, lakini akaanza kuziacha suruali zake sakafuni bila neno, na kula bila neno. Mke aliujua ukimya huo. Ndio uliotangulia kila chupa.

Jumatatu ya muhuri wa kumi na mbili, watu wakipanga viti ukutani, mshauri akamvuta dobi pembeni.

"Dada, uliacha kupekua?"

Dobi alitaka kusema ndiyo. Badala yake akaanza kulia, kilio cha hasira. "Siwezi. Nisipotazama, halafu akarudia, nitajiambia nini mimi?"

"Yeye hatukumwambia aache pombe maisha yake yote," mshauri akasema. "Tulimwambia aache leo. Kesho tukamwambia vilevile. Na wewe jaribu siku moja tu."

Asubuhi iliyofuata seremala alikwenda kunyoa, apate kuonekana mtu mbele ya mwenye karakana. Suruali ya jana ilikuwa sakafuni. Dobi akaiokota, na kwa nje tu akahisi kitu mfuko wa nyuma, kigumu kidogo. Weee, mkono ulikwenda wenyewe! Akaurudisha. Ukaenda tena. Akapiga moyo konde, akaitumbukiza suruali kwenye maji ya moto, akaisugua utadhani wana ugomvi wa zamani, akaisuuza, akaikamua, akaianika.

Seremala alirudi kidevu kinang'aa. Akaingia ndani, akatoka, akaingia tena.

"Mama watoto, hujaiona kadi yangu?"

Dobi akageukia kamba. Mfuko wa nyuma ulikuwa ukidondosha maji ya zambarau. Akaingiza vidole, akatoa donge la karatasi, mihuri yote kumi na miwili imekuwa doa moja. Miaka kumi na minane! Akasimama na lile donge kiganjani, akingoja kugombezwa.

"Nilikuwa natazama," akasema. "Wiki tisa zote nilikuwa natazama. Leo ndiyo sikutazama."

Seremala akalichukua donge. Akavuta ndoo, akaipindua, akaketi.

"Hukutazama," akasema.

"Sikutazama."

Mtu mzima yule akaanza kucheka, na kabla kicheko hakijaisha akawa anajifuta macho kwa kiwiko. Akasema mshauri ana kila kitu kwenye daftari, atamwandikia kadi nyingine. Kisha akainuka, akalibana lile donge kwenye kamba kwa kibanio, kando ya suruali.

"Hili usilitupe," akamwambia mkewe. "Mimi nina siku themanini na moja. Wewe unayo moja."