Wiki ya Kuchagua Shule: Magunga, Mbita, Osiri

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nikiwa nimevimba shingo. Mbung'o wa upande wa mbuga ya Ruma walinipokea njiani kabla mwalimu mkuu hajanipokea, wakanidunga juu ya kola ya Kaunda suti niliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo. Shule ilikuwa nje kidogo ya Magunga. Mwalimu mkuu, mzee mrefu mwenye sauti ya chini, aliniangalia akacheka. "Karibu, Mwalimu. Hao ndio wakaguzi wetu. Wamekupitisha."

Akanikabidhi darasa la nane papo hapo. Nilishtuka. Nikamwambia mimi ni mgeni, sijui hata choo kiko wapi.

"Ndiyo sababu," akasema. "Hujui mtoto wa nani ni yupi. Utawaangalia kwa akili zao tu."

Nyinyi walimu wa siku hizi, mnaobonyeza majina ya shule kwenye kompyuta, hamkuiona fomu yetu ya uteuzi. Ilikuwa karatasi moja kwa kila mtahiniwa. Juu palikuwa na jina na nambari ya mtihani. Chini yake palikuwa na nafasi za shule: za kitaifa, zinazochukua watoto kutoka nchi nzima, kisha za mkoa, kisha za wilaya, zile za karibu na nyumbani. Mwishoni palikuwa na mistari miwili ya sahihi, mmoja wa mwalimu wa darasa na mwingine wa mzazi. Na ilijazwa kabla ya mtihani! Ulikuwa unakisia alama ambazo mtoto hajazipata bado. Mtoto dhaifu hakukusumbua sana, maana shule zake zilikuwa chache. Aliyekunyima usingizi ni yule mwerevu, kwa sababu kila mtu alikuwa na lake juu yake.

Mzee yule wa Magunga alikuwa na utaratibu wake, nami niliushika miaka yote. "Fomu hii usiijaze kama rejista," aliniambia. "Mwite mzazi aje. Mtoto akae katikati yenu. Muulize yeye kwanza, mzazi baadaye. Wewe useme mwisho, na useme kidogo."

Kusema kidogo kulinishinda, hilo nakiri. Lakini kuuliza niliuliza.

Yawa, jinsi ninavyoikosa wiki ile! Akina mama walikuja wamevaa nguo za kanisani. Baba ambaye hajawahi kukanyaga shuleni alikuja na kofia mkononi, akaniita "Japuonj", yaani mwalimu, kwa heshima iliyonifanya nikae wima. Mtoto alikaa katikati, magoti yamegusana, anaangalia meza. Kwa dakika ile watu wazima wawili walinyamaza wakimngoja mtoto aseme. Sijaona tena kitu kama kile tangu niache kazi.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Mbita. Huko ndiko nilikojifunza mitego. Shule kubwa ya mkoa haikumtaka aliyeiweka ya pili, ilisema huyu hatupendi. Kwa hiyo ukimwandikia mtoto mwerevu shule ya juu asiyoiweza, halafu chini yake nyingine yenye maringo, alianguka katikati ya zote mbili akaishia popote. Nilikuwa nikiwaeleza wazazi hivyo kwa kuchora kwenye vumbi la meza.

Siku moja alikuja mvuvi mmoja na binti yake, Atieno, aliyekuwa akinimaliza kwa maswali ya Sayansi. Baba alitaka shule ya kitaifa, basi. Alishawatangazia wenzake ufuoni. Nikamgeukia msichana.

"Nataka shule ambayo maabara inafunguliwa," akasema.

"Maabara gani tena?" baba akaruka. "Shule kubwa zote zina maabara!"

"Binti ya shangazi yuko shule kubwa. Anasema yao iko na kufuli. Wanaiona kwa dirisha tu."

Tuliangaliana na baba yake. Mimi mwalimu mzima sikuwa nimewahi kufikiria kufuli. Tukamwandikia shule ya mkoa ambayo jina lake halikutikisa mtu, ila mwalimu wake wa Kemia alikuwa anajulikana kwa kukaa maabara mpaka afukuzwe. Leo Atieno anapima damu za watu Homa Bay. Akipita kwangu hukaa mpaka chai inapoa, ananitania kwamba mwandiko wangu ni mbaya kuliko wa madaktari wake.

Kutoka Mbita nilipelekwa Osiri, Migori, nikiwa mwalimu mwandamizi. Pale palikuwa na dhahabu chini na shule juu, na dhahabu ilikuwa inashinda. Mtoto alikuwa wa tatu darasani muhula wa kwanza, muhula wa pili unasikia yuko mashimoni, au anaosha mchanga na mama yake. Mwalimu mkuu wa huko alikuwa mtu wa mbio. Alitundika bango langoni la majina ya walioitwa shule za kitaifa, na kila asubuhi akilipita alinigeukia. "Mwalimu, bango lina nafasi. Nipe majina."

Nami nilikubaliana naye kuliko nilivyopaswa. Nilijiambia mtoto mwerevu lazima apelekwe mbali na mashimo yale, na kadiri shule ilivyo mbali ndivyo bora.

Mwaka mmoja darasa langu la nane lilikuwa na msichana aitwaye Akoth. Aliongoza darasa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akoth ni binti yangu.

Ili wenzake wasiseme anapendelewa, nilimwamuru aniite Mwalimu kama wengine. Alishika amri, akaniita hivyo hata nyumbani. Mama yake alicheka mwanzoni, halafu akaacha kucheka.

Wiki ya fomu ikafika. Niliwaita wazazi wote wa watoto wangu wazuri, mmoja mmoja, nikawakalisha, nikauliza. Fomu ya Akoth niliijaza wakati wa mapumziko, nimesimama, kikombe mkononi, kwa sababu ofisa wa elimu wa tarafa alikuwa anazisubiri. Nikaandika shule ya kitaifa, safari ya siku nzima kutoka kwetu. Nikatia sahihi kwenye mstari wa mwalimu. Nikashuka mstari wa chini, nikatia sahihi ya mzazi. Kalamu haikusita hata kidogo.

Jioni nikatangaza mezani. Mama yake akaniuliza, "Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Ni shule ya kitaifa!"

Akoth aliendelea kutoa miba ya samaki. "Asante, Mwalimu," akasema.

Alifaulu, aliitwa, jina likaandikwa bangoni. Nilijivuna mpaka nikawa kero. Likizo nyingi alibaki kwa shangazi yake huko huko kwa sababu ya masomo ya ziada. Barua zake zilikuwa safi, hazina kosa hata moja, wala hazikuwa na neno la moyoni. Akaenda chuo kikuu, akapata kazi Nakuru, akaolewa. Hunipigia kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Huuliza dawa ya presha kama ninaimeza, huuliza mvua, hutuma salamu kwa mama. Neno la Mwalimu alishaacha, siku hizi ni Baba. Lakini hakai kwenye simu jinsi Atieno anavyokaa kwangu. Watoto wa watu huja kunitafuta, wa kwangu nikawa namngoja Jumapili, na ikifika inakwisha kwa dakika nne. Namkosa mtoto wangu. Nilisahihisha madaftari miaka yote hiyo lakini hili nilichelewa kulisema.

Basi juzi mjukuu wangu, binti wa Akoth, amefika Gredi ya Tisa. Anang'aa kama mama yake. Siku hizi wanachagua kwanza mkondo wa masomo, kisha shule za kuufuata huo mkondo. Nilifurahi kupita kiasi. Nikaulizia huku na huko, nikaandika orodha kwenye daftari: shule hii ina walimu wa Fizikia, ile ina bweni linalovuja. Mke wangu aliniangalia tu. "Huyo ana wazazi wake," akasema. "Kama kuna wa kuulizwa kitu, ni Akoth. Na si mimi nitakayemuuliza."

Jumapili simu ikaja. Kabla ya presha na mvua nikaanza orodha yangu.

"Baba, hiyo tulishamaliza," Akoth akanikata kwa upole. "Tuliketi naye, mimi na babake, yeye katikati. Tukamuuliza yeye kwanza."

"Hayo ulijifunza wapi?" niliuliza, mjinga mimi.

"Kwako. Wiki ile nzima niliwaona wazazi wakipita dirishani. Kila jina likiitwa, nilidhani linalofuata ni langu."

Nilitafuta pa kukaa.

"Akoth," nikasema, "nilikukosea. Niliwauliza wote nikakuruka wewe. Nakuuliza sasa, kama bado inafaa. Ungetaka shule gani?"

Nilisikia sahani zikioshwa kwake, nikaogopa atasema lazima aende.

"Hiyo hiyo, Baba," akasema, na sauti yake ikawa ya msichana wa darasa la nane. "Hiyo hiyo ya mbali. Nilikuwa nimeshafanya mazoezi ya kulitamka jina lake, ili ukiniita nisibabaike."