Barua Fupi kwa Kalisti

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimekaa sokoni Morogoro mjini na tenga langu la kabichi, nikaona mtu anashuka kwenye lori lililotoka kaskazini. Kichwa kimenyolewa, blanketi begani, amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu. Alikuja moja kwa moja kwangu. Hakunisalimu. Aliniuliza, "Tomasi, mmemzika wapi?"

Alikuwa Kalisti, rafiki yangu tangu tukichunga mbuzi pamoja kule kwetu Bigwa, mlimani juu ya mji, na siku ile alipaswa kuwa kitandani hospitalini. Lakini nikiendelea hivi nitakupoteza. Sisi wazee tuna ugonjwa wa kuanzia katikati, basi ngoja nikurudishe nyuma kidogo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mwanzoni mwanzoni. Kalisti alishikwa na kifua kikuu, akapelekwa hospitali ya mbali, upande wa Moshi. Dawa yenyewe ilikuwa sindano, tena za miezi mingi. Daktari aliwaonya wagonjwa wote kwamba anayekatiza njiani ugonjwa humrudia kwa hasira, na mara ya pili huenda dawa isifue dafu. Nyumbani alimwacha mama yake, mjane, naye Kalisti ndiye mtoto wake pekee. Mama Kalisti hakujua kusoma. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nne kwa mapadri na nilijiona msomi wa kutisha, kwa hiyo kazi ya kuandika barua ikawa yangu.

Waraka ni nusu ya kuonana, walisema wahenga. Barua zangu za mwanzo zilikuwa za ovyo, lakini ndefu. Nilimwandikia kila kilichopita mbele ya macho yangu. Kwamba maharage mapya yametoka na mama yake ameyaunga kwa karanga. Kwamba kijito kimejaa, na vijana wamepata pa kuogelea chini ya lile jiwe letu. Kwamba ukungu umekaa mlimani siku tatu, hatukuona hata paa la jirani, tukashinda jikoni tukichoma ndizi mzuzu na kutungiana uongo. Kwamba watu wa Matombo wameteremsha mafenesi, na mmoja wao fenesi limemponyoka likabingirika mteremko mzima mpaka mlangoni kwa katekista, naye katekista akasema ni sadaka. Kwamba mama yake amegombana na kuku anayetagia kwenye kapu lake la nguo. Kalisti alijibu kila barua, na kila mara aliuliza jambo dogo: fenesi lile lilikuwa bivu? Kuku ameshinda au mama?

Sasa nisikilize kosa langu, maana lilikuwa kosa la mtu aliyefundwa adabu. Kwetu milimani mtoto hufunzwa mapema kwamba huli mbele ya mtu asiyekula. Ukiwa na ndizi, na mwenzako hana, unaikata au unaificha. Siku moja nilikuwa nakula ndizi ya moto, mafuta ya karanga yananichuruzika kidoleni, huku naandika habari ya ndizi hiyo hiyo. Mkono ukasita. Nikajiambia, wewe Tomasi, huku si kula mbele ya mgonjwa? Mwenzako yuko kwenye uji wa hospitali, nawe unamtafunia masikioni.

Nikaona aibu kweli. Nikaichana ile karatasi, nikaandika nyingine, fupi na ya heshima: "Sisi sote huku ni wazima wa afya. Mama anakusalimu sana. Usiwe na wasiwasi wowote. Shughulika na afya yako tu." Nikajipongeza. Nilituma tatu za namna hiyo, moja baada ya nyingine, na yeye alipouliza habari za kuku sikumjibu.

Labda umeshaona nilichofanya. Mimi sikukiona, mpaka pale sokoni.

Maana kwetu msiba hauandikwi. Mtu akifiwa yuko mbali, watu humficha mpaka afike. Humwambia mama ana homa kidogo, au wote wanakusalimu, na zaidi ya yote humwambia asiwe na wasiwasi. Kila mtu wa kwetu anaijua lugha hiyo. Kalisti alisoma barua ya kwanza akairudia. Ya pili ikamnyima usingizi. Ya tatu ilipofika akamwomba mgonjwa wa kitanda cha pili amnyoe, kama anavyonyolewa kwetu aliyefiwa na mzazi, kisha akatoka hospitalini bila ruhusa na sindano zake hazijafika hata nusu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu, na mshindo wa kimya changu ulimtoa mtu kwenye dawa.

"Tumemzika nani?" nilimwuliza.

"Usinifiche, Tomasi. Nimeshalia njia nzima. Nionyeshe kaburi tu."

Nilipoelewa, niliinuka. Nilimwambia mama yake mzima, asubuhi ile ile kanituma chumvi. Hakuniamini. Ningeapa kwa watakatifu wote asingeniamini, kwa sababu hata hilo ndilo huambiwa mfiwa. Nikaacha kabichi zangu kwa mwanamke wa jirani, tukapanda kwenda Bigwa, yeye anatembea na kupumzika, anakohoa, mimi nyuma nimebeba blanketi lake na dhambi zangu.

Mama Kalisti alikuwa uani anapepeta maharage. Aliinua uso akamwona mwanawe, na macho yake yakaenda kwanza kwenye upara. Ungo ukaanguka.

"Kalisti, nani amekufa?"

Kalisti alisimama pale pale kama mtu aliyesahau njia. Kisha akasema, "Wewe, mama."

"Mimi?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

Sijui nani alianza kucheka. Najua nani alianza kulia, ni mimi. Mama Kalisti alimshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili, anaupapasa ule upara, anacheka, machozi yanamtoka, anasema, "Marahaba, baba. Marahaba. Marehemu amekuitikia." Sijapata tena katika maisha yangu raha kama ya uani pale, maharage yametapakaa na hakuna anayeyaokota.

Alipokwisha kumlisha mwanawe ndipo akanigeukia mimi. Nilimweleza habari ya adabu, ya kutokula mbele ya mtu asiyekula. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, na ningependa angenichapa tu:

"Tomasi, yule hakuwa na njaa ya ndizi. Alikuwa anataka kujua kwao bado kupo. Ulipomwambia nagombana na kuku alijua mama yake anazo nguvu za kugombana. Ulipomwambia wote wazima, ulimwambia nini? Hata maiti husemwa mzima, mfiwa akiwa mbali. Sasa sikia. Siku nikifa, mwandikie nimekufa. Siku zote nyingine, mwandikie nimepika nini."

Kalisti alilala usiku mmoja tu. Mama hakumruhusu wa pili. Alfajiri tulimrudisha kwenye lori, na majuma matatu yaliyofuata sikujua ladha ya chakula, maana tulihofia hospitali itamkataa, au kifua kitakuwa kimeshamwasi. Barua ilipokuja niliisomea pale pale posta. Daktari amemkaripia mbele ya wodi nzima, amemwanzishia sindano upya, na kifua kinasikia dawa. Chini kabisa ameuliza mama amepika nini Jumapili. Nilikaa kwenye ngazi za posta nikapumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Mwaka uliofuata alirudi amenenepa, na nywele zake zote.

Basi, mwanangu uliye mbali, au uliyemwacha mwenzako mbali. Siku hizi mna simu, na ninawasikia: "Uko poa?" "Niko poa." Mmemaliza. Mnadhani mmezungumza. Usimwonee huruma aliye mbali kwa kumnyima habari za mtaani kwako. Mwambie mvua imenyesha saa ngapi, nani kafungua kibanda cha chapati, nani kanuniana na nani kisimani. Hayo unayoyaona madogo ndiyo anayoyashika gizani kujua nyumba yenu haijahama. Na jambo zito likitokea mwambie kwa jina lake, ili siku nyingine zote ukimwambia mko salama, aweze kukuamini na kulala.

Mungu akufungulie njia ya kwenda na ya kurudi, mwanangu. Na kila unayemwacha nyumbani, umkute.