Mama wa Kwaya Mbele ya Kompyuta

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikifundisha saikolojia katika chuo cha walimu Embu, na Jumapili nilirudi kwetu Meru, ambako nilikuwa mzee wa kanisa. Chuo kilipopata kompyuta, niliandika humo maswali kuhusu huzuni, usingizi na hamu ya kuishi. Nilitaka kujua kama mtu huijibu mashine sawa na anavyonijibu mimi. Wenzangu walicheka. "Sasa watu wataungama kwa mashine ya stima?" mmoja aliniuliza.

Nikaifunga kompyuta kwa blanketi nikaipeleka Meru, kwenye ukumbi wa kanisa karibu na Kinoru, ambako walimu walikuwa na semina. Kila mmoja nilimhoji mimi mwenyewe, kisha akaketi peke yake mbele ya kompyuta. Niliwaahidi kwamba sitamfuata mtu kwa sababu ya majibu yake.

Wa mwisho alikuwa mwalimu kutoka Muthara, kiongozi wa kwaya ya kanisa letu. Nilipomuuliza hali yake alijibu kama tunavyojibu sote huku: "Bwana asifiwe, mzee. Nimeokoka, sina shida." Nikaandika: hana shida.

Alipotoka nilifungua majibu yake. Je, wiki hii umefikiria kujiua? Ndiyo. Je, umeshapanga namna? Ndiyo.

Nilisoma mara tatu. Miaka mingi nilikuwa nimeomba na mama huyu, nikimshika mikono, na sikuwahi kuona lolote.

Sikuiheshimu ile ahadi. Nilimkuta langoni.

"Mwalimu, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeomba," alisema taratibu. "Halafu Jumapili ungeniangalia kutoka kiti cha mbele. Hiyo mashine yako haiji kanisani."

Tangu siku hiyo nimetumia maisha yangu yote ya usomi kutafuta jibu la maneno hayo, hata taaluma yetu ya kuchunguza watu na mashine ilipopata jina na vitabu vyake hapa kwetu.

Nilimsihi twende hospitali. Alifunga na kufungua kifungo cha sweta yake.

"Nitaenda. Lakini usiombe mpaka nimalize kusema."

Tulienda kwa miguu. Mara nne au tano nilihisi sala ikinifika kooni, na Mungu kwa rehema zake akaniziba mdomo. Aliyoyasema mwalimu njiani sitayaandika. Tulifika, tukakaa kwenye benchi, akaendelea. Muuguzi alipomwita, nilibaki nimeketi. Mwalimu akanivuta mkono wa koti.

"Twende, mzee. Sijamaliza."