Nimechukua Chumba kwa Watu na Wifi Yupo Hai

Admin, naomba ufiche jina langu na la mume wangu, na hata kisiwa nisikitaje, maana mawifi nao wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Madibira, nimeolewa hapa Mbeya mjini. Tuna duka la vitenge Mwanjelwa, na watoto wetu wawili wako bweni. Sina ugomvi na mtu. Nimechoka tu, na uchovu wangu umeniletea kesi.

Miaka mitatu iliyopita mama mkwe alipooza upande mmoja. Nimemgeuza, nimemwogesha, nimelala chini pembeni ya kitanda chake nikisikiliza kama bado anapumua. Sijutii, maana alinipokea vizuri tangu naolewa. Mwaka huu ameanza kutembea na fimbo, alhamdulillah. Siku alipofika barazani kwa miguu yake, mume wangu aliniuliza nataka anifanyie nini kwa yote hayo. Nadhani alitegemea niseme cherehani. Nikamwambia nataka nikapige mbizi baharini, ile ya kuvaa mtungi wa hewa mgongoni. Nilimwona mama mmoja kwenye simu, kajistiri vizuri kabisa, ameshuka chini, samaki wanampita usoni na hakuna mtu anayemwita. Kuogelea najua, nimekulia kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga. Mume wangu alicheka sana, halafu akakubali. Asili yao ni kisiwa hicho hicho cha kupigia mbizi, ingawa yeye kazaliwa huku.

Nikaanza kutafuta pa kulala. Kuna hoteli kubwa ya wazungu, hiyo niliipita haraka. Kuna nyingine katikati ya mji, lakini mpaka ufike kwenye boti ya wapiga mbizi ni mwendo wa saa nzima, na boti inaondoka kwa kufuata maji, siku nyingine alfajiri. Ya tatu ni nyumba ndogo ya wageni, vyumba sita, mwalimu wa kupiga mbizi anaishi hapo hapo uani. Nilimpigia. Akaniambia mafunzo ni siku tatu, na jambo moja tu nizingatie: nilale vizuri, kwa sababu mtu aliyechoka hashuki chini. Nilipapenda hapo kabla hata sijaona picha ya kitanda.

Sasa, dada wa mume wangu anaishi kisiwa hicho hicho, upande wa mjini. Ni mjane, watoto wake wameondoka. Tuliwahi kwenda kwake wiki nzima, eti kupumzika. Mnajua ule usemi, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Mimi nilikabidhiwa mbuzi ya kukunia nazi jioni ile ile. Kila siku wageni walikuja kumwona mke wa bara, na mke wa bara alikuwa jikoni anawapikia. Nilirudi Mbeya sijalowanisha hata unyayo.

Kwa hiyo chumba nilikichukua kimyakimya. Nilipanga tulale kule siku tatu, halafu tumwibukie wifi kama ndiyo kwanza tumeshuka. Dada wa mapokezi akaniomba majina, nikampa la mume wangu kamili, mpaka la ukoo. Akauliza kama sisi ni watu wa Bi Fulani, akamtaja wifi yule yule. Nikakata simu, lakini nilishachelewa. Kabla ya magharibi wifi akapiga.

Hakupandisha sauti. Alisema, "Wifi yangu, kweli umechukua chumba kwa watu na mimi nipo hai?"

Akaniambia tangu aliposikia mama anatembea alijua tutakuja, hivyo amepaka chumba rangi na godoro amebadilisha. Akasema hatanituma hata kijiko.

Wadau, namwamini. Laiti angekuwa mtu mbaya, leo nisingekuwa naandika. Lakini magoti yake mabovu. Wageni watakuja tu, naye atainama kuwapikia, na mimi sijui kukunja miguu namtazama. Nitasimama mwenyewe bila kutumwa, najijua.

Mume wangu nilimtegemea. Kaniambia, "Chagua wewe, popote nitalala. Ila mimi ndiye nitakayeulizwa." Hapo kachagua au hajachagua? Nikamwomba basi yeye alale kwa dada yake, mimi nibaki kule kwa mwalimu. Akasema watu watadhani tumeachana.

Na mama mkwe, huyu niliyemuuguza, hajanigombeza hata kidogo. Aliagiza tu kiroba cha mchele kutoka shambani kwa baba yangu Madibira, akakishona mwenyewe kwa mkono wake ule unaotetemeka, akakiandika jina la binti yake. Akaniambia, "Mwanangu, huu mkapike kwake, mle pamoja." Kiroba kimesimama ukumbini. Ndani ya begi langu kuna miwani ya kuogelea niliyoipata mitumbani, nimeshaijaribu mara mbili kwenye beseni bafuni kama mwendawazimu.

Mwenye nyumba ya wageni anataka jibu langu kabla ya Ijumaa. Nikienda kwa wifi, najua mbizi yangu itaishia jikoni. Nikienda kwa mwalimu, nitamvunja moyo mjane aliyepaka chumba rangi kwa ajili yangu, na kile kiroba sijui nitakipitisha wapi.

Miaka mitatu nimelala nikisikiliza pumzi za mtu mwingine. Nilitaka siku tatu tu nisikilize zangu, hata kama ni za kwenye mtungi. Ninyi wenye mawifi, na ninyi mawifi wenyewe, niambieni bila kunitukana: nikalale wapi?